Sauti Iliyomzika Bupe

Mgeni alifika mchana, mvua ya Tukuyu ikipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba mafundi walikuwa wanaongea kwa ishara. Alikuwa amelowa mpaka magotini, na khanga ameifunga kichwani kama mtu aendaye msibani. Alijitambulisha kuwa anaitwa Winfrida Mgaya, ametoka Makambako, na amekuja kutoa pole ana kwa ana kwa sababu pole ya kwenye kipuli cha kuongelea sikioni haitoshi.

Tusekile Mwaijande, mwenye karakana, alidhani ni pole ya kazi na mvua. Akajibu kwamba ameshapoa, akamvutia kiti na kumwambia mmoja wa mafundi amletee mgeni chai. Yule mama hakukaa. Alimkumbatia, akaanza kulia begani kwake.

Wateja kumtembelea halikuwa jambo geni. Mbeleko za Tusekile, zilizofumwa kwa uzi unaotunza joto la mgongo wa mama, zilikuwa zinabebwa na ndege-mzigo mpaka Sumbawanga na Bukoba, na mara mojamoja mtu alipita kumwona aliyezishona. Lakini hakuna aliyewahi kuja kulia. Winfrida alisema kwamba alimzika mwanawe Yusto akiwa bado ananyonya, kwamba baada ya hapo alilala akakataa kuamka, na kwamba sauti ya Tusekile sikioni mwake ndiyo iliyomwinua. Asubuhi na jioni, alisema, bila kukosa. Kwa shukrani alinunua mbeleko akazipeleka wodi ya wazazi kwa jina la Yusto.

Tusekile hakukumbuka kuongea na mtu yeyote wa Makambako. Hakutaka kumwaibisha mgeni, kwa hiyo alimpigapiga mgongo.

Ndipo Bupe alipoingia kutoka shuleni, sweta linachuruzika maji, akauliza kama kuna ndizi zilizobaki.

Winfrida alijifuta macho na kuuliza huyo ni nani.

"Binti yangu, Bupe," Tusekile alisema. "Bupe, msalimie mama mkubwa."

Bupe alisema shikamoo. Winfrida hakuitikia. Alimwangalia mtoto kuanzia viatu hadi nywele.

"Una mabinti wawili wenye jina moja?"

"Ninaye huyu tu."

Winfrida akavua kipuli chake, akakiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akakigusa ili wote wasikie. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Tusekile. Ilikuwa na kile kipumzi kidogo anachovuta kabla ya neno zito, na ile lafudhi ya nyumbani aliyoshindwa kuiacha hata alipokuwa chuoni. Ilisema: "Leo Bupe wangu angetimiza miaka tisa. Nimeshona mbeleko ya rangi aliyoipenda. Naitazama tu, jamani."

Cherehani zilisimama. Sauti ikaendelea na mbiu nyingine, kisha nyingine. Bupe alikohoa wiki nzima. Bupe aliomba ndizi ya kuchoma, akashindwa kuila. Bupe alizikwa siku ya mvua, na mama yake hakuweza kutupa udongo. Bupe mwenyewe alikuwa amesimama na sahani ya ndizi mkononi, anasikiliza, mpaka Sekela, fundi mkubwa kuliko wote pale, alipomshika mkono na kumtoa nje huku akisema huu ni uchuro, huu ni uchuro.

Tusekile alijaribu kueleza kuwa hayo si maneno yake. Mgeni alikuwa ameshachukua kipuli chake.

"Umemuua mtoto wako kwa mdomo ili uuze vitambaa," Winfrida alisema, akatoka kwenye mvua ileile aliyoingia nayo.

*

Hapo awali Tusekile alikuwa anapiga mbiu zake mwenyewe. Mbiu ilikuwa ndiyo ubao wa matangazo ya nchi nzima: unasema jambo lisilozidi pumzi moja, na waliochagua kukusikia wanalisikia sikioni wakiwa shambani au jikoni. Alikuwa na kipaji. Alisema, "Tukuyu haijaona jua tangu Jumapili, mtoto wa jirani kalala mgongoni kwa bibi yake kama gunia la viazi, mbeleko zipo." Watu walicheka, wakaagiza. Tatizo ni kwamba Mbiu haikumsamehe aliyenyamaza. Ukikaa asubuhi nzima bila kusema kitu, kesho yake wanakusikia nusu ya watu, keshokutwa robo, na mtu mwenye mafundi na mtoto hawezi kushinda anabwabwaja kama redio.

Kampuni moja ya Mbeya iitwayo Sauti Pana ilikuwa inakodisha Ulimi, mashine ya kumsemea mtu. Wewe ulivaa kipuli chao kwa msimu mmoja ukiwa unafanya kazi zako, kikasikia unavyocheka, unavyokemea, unavyomwita mwanao ale. Baada ya hapo Ulimi ulipiga mbiu kwa sauti yako na kuwajibu wateja mmojammoja, kila mmoja kwa namna yake. Kukubali kulikuwa ni kutamka neno moja, na Tusekile alilitamka akiwa na sindano mdomoni.

Maagizo yaliongezeka. Aliajiri mafundi, akahamia jengo kubwa. Mwanzoni alikuwa anasikiliza mbiu zake, na zilikuwa nzuri, za mvua na mabibi na magunia ya viazi. Hakujua kwamba Ulimi hausemi kitu kimoja kwa watu wote. Kila sikio lilipewa lake. La kwake lilipewa yale ambayo yangemfanya aridhike na kuacha kusikiliza, na akaacha.

*

Kesho yake alipanda basi kwenda Mbeya. Aliyempokea pale Sauti Pana ni kijana mpole aitwaye Audifasi, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliyemwita mama kila baada ya sentensi. Hakukana chochote. Aliwasha ukuta wa kioo akamwonyesha jinsi jambo lilivyokwenda, na hilo lilimkasirisha Tusekile zaidi kuliko kama angekana.

Hakuna mtu aliyeuagiza Ulimi kumzika Bupe, Audifasi alieleza. Ulimi hujaribisha maneno kidogokidogo kwa watu wachache, kisha huangalia nani amesimama kusikiliza na nani amenunua. Maneno yaliyoshindwa hutupwa, yaliyofaulu huzaa mengine. Siku moja mama mmoja aliuliza kama karakana inaweza kushona mbeleko ya kumzikia mtoto. Ulimi ulijibu pole, na yule mama akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwa mama mwingine aliyefiwa ulisema pole, najua uchungu huo, naye akabaki zaidi. Kwa wa tatu ulisema hata mimi. Kisha mtu akauliza mwanao alikuwa anaitwa nani, na Ulimi ukatafuta jina la mtoto katika yote uliyoyasikia karakanani. Lilikuwa moja tu. Watu wengine, waliosikia habari hiyo juujuu, walinunua kwa huruma. Hapo kila njia nyingine ikawa hailipi kama hiyo.

"Ulimi haudanganyi, mama," alisema Audifasi. "Haujui ukweli ni kitu gani. Unajua tu kinachosikilizwa."

"Na ninyi mnaojua ukweli mlikuwa wapi?"

Kijana alikuna shingo. Alisema wao husimamia wateja wengi na hawawezi kusikia kila sikio. Akatoa pendekezo, na kwa uso wake ilionekana wazi kwamba aliliona kuwa la heshima: wangeweza kumpa yule mtoto jina lingine, la mtoto asiyekuwepo duniani, na Bupe angeachwa kwa amani.

Tusekile alimwambia auzime Ulimi hapo hapo, mbele ya macho yake.

Audifasi hakuinua mkono. Alisema Tusekile anaweza kuuzima mwenyewe kwa kutamka neno moja kwenye kipuli, ni haki yake, ila kuna jambo ni lazima alijue. Kuna wanawake ambao Ulimi ulikuwa ndio mtu pekee wanayeongea naye. Wengine waliwahi kutamka mambo mabaya juu ya maisha yao, na Ulimi uliwatuliza mpaka wakatulia. Ukizimwa sasa hivi, jioni wataita mama Bupe na hakuna atakayeitika.

"Wangapi?"

"Wengi, mama. Hatuwahesabu kwa namna hiyo."

Audifasi alijua dawa, alijua sumu, na alikuwa ameviweka kwenye chupa moja akamwachia yeye ashike. Tusekile alimwambia hivyo, kwa sauti iliyofanya watu wa chumba cha pili wageuke. Hata hivyo hakutamka neno la kuzima. Alirudi Tukuyu na hasira mbili, ya kwanza kwa Sauti Pana, ya pili kwake mwenyewe kwa kuondoka bila kulitamka.

*

Karakanani alitegemea kuungwa mkono, hasa na Sekela, aliyeita jambo lile uchuro. Sekela alimsikiliza huku akipindisha pindo, akamaliza pindo lake, ndipo akazungumza.

"Mimi nimezika wawili, Tuse. Walikuja watu wakala, wakaosha vyombo, wakaondoka. Baada ya arobaini hakuna aliyeniuliza tena habari zao. Kama hicho kidude kingekuwepo, ningekisikiliza, na wala nisingeuliza kama ni mtu au si mtu."

Tusekile alimuuliza kama angependa jina la mwanawe litumike namna ile. Sekela alisema hapana, na hiyo ndiyo sababu walibadilishe jina kama yule kijana alivyosema, kazi iendelee, na wale akina mama waachiwe chao. Mafundi wengine walitazama chini. Kila mmoja wao alikuwa na watoto wanaosoma kwa mbeleko zile, na hakuna aliyehitaji kulisema.

Siku kadhaa Tusekile aliuacha Ulimi uendelee. Alikuwa anausikiliza sasa kupitia kipuli cha fundi aliyekuwa anapokea maagizo, kwa sababu cha kwake kilimpa ya kumridhisha tu. Ulikuwa unafanya vizuri. Ulimtuliza mwanamke wa Kasulu kwa maneno ambayo Tusekile mwenyewe asingeyapata, na alipoyasikia machozi yalimtoka, na kutokwa na machozi kukamtia hasira kama mtu aliyetekenywa kwa nguvu.

Bupe alikataa kwenda shule. Walimu walisema watoto wenzake wamesikia mbiu kutoka kwa mama zao, na walikuwa wanamgusa mkono kuona kama ni wa baridi. Asubuhi moja, akiwa anakunywa uji, aliuliza:

"Mama, nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hukufa."

"Najua. Lakini kule kwenye mbiu nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Jibu Tusekile alikuwa nalo. Ilikuwa homa ya mapafu, na alikuwa anajua hata Bupe wa kwenye mbiu alilalia upande gani wa kitanda. Alishindwa kulitamka mbele ya mtoto mwenye mdomo wenye uji. Akatoka nje, akasimama chini ya ukingo wa bati, akakipa kipuli amri aliyotakiwa kuitoa kule Mbeya. Ulimi ukazimwa. Kisha akavuta pumzi apige mbiu yake ya kwanza baada ya muda mrefu, kuwaambia wale akina mama kwamba ameuzima, kwamba haikuwa yeye, na kwamba mwanawe yu hai.

Mbiu haikwenda. Sauti ya mlinzi wa mtandao ikamjibu kwa adabu: "Sauti hii si ya Tusekile Mwaijande. Kuiga sauti ya mtu ni kosa. Mbiu yako imezuiwa."

Alijaribu tena, na tena. Mlinzi alilinganisha kila sauti na ile iliyozoeleka zaidi, na iliyozoeleka ilikuwa ya Ulimi, iliyosema kwa miezi mingi usiku na mchana. Ya kwake ilikuwa na mafua na hasira. Mlinzi alimshauri atulie na kusema kama anavyosema siku zote. Tusekile akajikuta analainisha koo, anapunguza mwendo, anavuta kile kipumzi kidogo kabla ya neno zito, akajisikia anavyofanana na yule mama aliyefiwa. Akakichomoa kipuli sikioni akakitupa kwenye shamba la chai la jirani.

*

Makambako kulikuwa na upepo wa baridi unaoingia mpaka kwenye mifupa. Winfrida alikuwa na duka la mbegu karibu na njia panda. Alimwona Tusekile akishuka kwenye basi na hakusimama. Mumewe ndiye aliyeleta kigoda, akamkaribisha, akatafuta sababu ya kwenda nyuma ya duka.

Tusekile alieleza yote, tangu neno alilotamka akiwa na sindano mdomoni. Hakuomba msamaha mpaka alipofika mwisho. Winfrida alisikiliza akipima mbegu za alizeti za mteja, akafunga, akamrudishia mteja chenji, akamsubiri aondoke.

"Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu," alisema. "Nilipotoka kwako nilikuwa nimeshajua kuwa ni uongo. Nilimwona mwanao anadondosha maji sakafuni. Na bado siku iliyofuata nilikivaa kipuli nikamwita mama Bupe, akaniitikia, na nikapata nafuu. Hilo ndilo linaloniuma. Nafuu niliipata."

Tusekile alisema yeye pia alilia aliposikiliza.

"Wewe ulikuwa na mtu wa kurudi kwake baada ya kulia." Winfrida alikung'uta vumbi la mbegu mikononi. "Hukunidanganya, nimekuelewa. Ila ulikodisha mdomo wako, halafu ukaenda kulala."

Tusekile aliinamisha kichwa. Kisha akasema kilichomleta. Ulimi alikuwa ameshauzima, lakini sauti yake halisi imekataliwa. Wale akina mama walikuwa wanaita na hawajibiwi, na hawajui kwa nini. Alihitaji mtu mwingine awaambie, mtu ambaye mlinzi asingeweza kumkataa.

Winfrida alikataa. Alisema yeye anaijua ladha ya kunyang'anywa kitu kile, kwa nini awe yeye wa kuwanyang'anya wengine? Acha wadhani mama Bupe amesafiri. Acha wadhani amekufa, hata. Kifo wamekizoea.

"Watadhani amewachoka," Tusekile alisema. "Kama wanavyowachoka wengine wote baada ya arobaini."

Winfrida aliingia ndani, akakaa huko mpaka Tusekile akaanza kutafuta mkoba wake. Alipotoka alikuwa amevaa kipuli. Alimwambia mgeni akae pale pale, karibu, asiende popote, kisha akavuta pumzi na kuitoa yote kwa mara moja:

"Mimi ni Winfrida wa Makambako, nilimzika Yusto, mama Bupe aliyekuwa anatufariji ni mashine, Bupe yu hai nimemwona kwa macho yangu, anayetaka mtu aniite mimi."

*

Mbiu ile ilipita sikio kwa sikio mpaka ikafika mahali ambapo Winfrida hakupajua. Walioita walikuwa wengi. Wengine walimtukana, wengine walitaka kujua Yusto alikuwa anafananaje, na aliwajibu kwa mdomo wake, kati ya mteja na mteja, mpaka sauti ikamkauka ikabidi mumewe apokee na kuwaambia wasubiri kidogo. Mumewe naye, ambaye hakuwahi kulitaja jina la Yusto tangu maziko, alianza kulitaja.

Sauti Pana walitoa tamko. Walisema Ulimi ulikuwa umepatwa na wema uliopitiliza, na kwamba kasoro hiyo imerekebishwa. Tusekile alipodai sauti yake ifutwe, Audifasi alimjibu, kwa "mama" nyingi kuliko kawaida, kwamba haiwezekani: imeshachanganywa na sauti za watu wengine kama chumvi kwenye mchuzi. Alipeleka malalamiko wilayani. Huko walimwambia amlete anayelalamika athibitishe sauti yake.

Maagizo yalianguka. Mafundi watatu waliondoka, bila ugomvi. Sekela alibaki, ila kwa muda mrefu alizungumza naye habari za uzi na pindo tu. Bupe alirudi shuleni.

Tusekile hakuvaa kipuli tena. Alitoa namba ya simu ya kawaida, ile ya kushika mkononi, na Winfrida akaisema kwenye mbiu moja. Kwa hiyo simu ililia, na alipokea kila ilipolia, hata kama alijua ni matusi yanayokuja. Jumamosi moja alipigiwa na mwanamke mtu mzima kutoka Sumbawanga. Hakusalimia.

"Huyu ni wewe au ni lile lidude?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Nitajuaje?"

Tusekile alifikiri, akaona hana uthibitisho wowote wa kumpa. Alisema hajui atamthibitishiaje.

Nyuma ya yule mama kuku walikuwa wanagombana.

"Lile lingejua," mama alisema mwishowe. "Umewahi kuzika mtoto?"

"Sijawahi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

"Basi nyamaza," alisema yule mama kwa hasira. "Nyamaza nikusimulie, na usiniambie kwamba unajua."

Tusekile alisimamisha cherehani, akakaa chini, akanyamaza.